Mwezi Haukusogea

Nakwa, Babati
Jumapili, 3 Agosti 2025

Tadeo mdogo wangu,

Anjela anaupima mwezi! Atajua uko mbali kiasi gani kutoka hapa, kwa rula, na wewe huko uliko ndiye jicho lake la pili! Nimeona niseme hilo kwanza, adabu itafuata.

Sasa salamu. Hujambo? Sisi hatujambo. Mama macho yamezidi kufifia, lakini masikio yako vilevile, anasikia hata usichosema. Baba Anjela yuko shambani Mutuka, anafukia mashina ya mahindi. Nilimuuliza nikuandikie nini kutoka kwake, akasema, "Mwambie namsalimu." Basi anakusalimu. Ng'ombe wetu mwekundu amezaa ndama jike, mzuri, watu wanakuja kumwangalia. Nami nawaacha wamwangalie.

Nakuja kwenye jambo. Mwanangu yuko kidato cha tatu na kwenye fizikia anaongoza. Sisemi kwa kujisifu. Matokeo yamebandikwa ukutani shuleni, nimeyasoma mwenyewe, halafu nikaenda na Mama Vailet, jirani yangu, naye akayasoma. Alisoma kimyakimya.

Mwalimu wao wa fizikia, Mwalimu Jovin, amesema Jumapili ya tarehe 7 Septemba mwezi utapatwa, kuanzia saa moja na kitu jioni. Kivuli cha dunia yetu hii kitaufunika wote. Siku hiyo mtu anaweza kujua umbali wa mwezi bila kuondoka uwanjani kwake. Mwanafunzi atakayefanya vizuri, kazi yake itabandikwa kwenye maonyesho ya sayansi ya shule za mkoa, hapa hapa mjini, tarehe 28 Novemba.

Nilielezwa mara nne. Ya nne nikaelewa, kwa hiyo nikikueleza mimi utaelewa mara moja. Nyoosha mkono, simamisha kidole gumba, kitazame kwa jicho moja. Sasa fumba hilo, fumbua la pili. Kidole kimeruka, si ndiyo? Kidole hakikwenda popote. Ni macho yako yamekaa mbalimbali, kila moja linakiona kwa upande wake. Sasa kidole ndio mwezi, na ukuta ulio nyuma ya kidole ndio nyota. Ila mwezi uko mbali mno, macho ya kichwa kimoja hayafui dafu. Yanatakiwa macho mawili yaliyoachana maelfu ya kilomita, yakiangalia kwa wakati mmoja. Na hapo ndipo kupatwa kunasaidia: dakika mwezi unapofunikwa ni ileile kwa watu wote wanaouona, na ukishafifia, nyota ndogo za karibu yake zinajitokeza.

Mwalimu akauliza darasa zima, "Nani ana ndugu mbali sana, kusini au kaskazini?" Mmoja akataja Nairobi. Mwanangu akasimama akasema, "Mjomba wangu yuko Cape Town." Mwalimu Jovin akakaa chini.

Anjela ameweka uzi kwenye atlasi. Kutoka hapa mpaka kwako, kwa mstari ulionyooka, ni kilomita elfu tatu na mia saba hivi. Kwa umbali huo, mwezi utakaouona wewe na ule nitakaouona mimi itaachana karibu upana mzima wa mwezi, kati ya nyota zilezile. Tukishajua umeruka kiasi gani, iliyobaki ni hesabu, na hesabu tunayo, inalala chumba cha pili.

Kazi yako ni hii. Funga rula kwa uzi wa sentimita sitini, ncha ya pili uivae shingoni, ili rula isikaribie wala isiende mbali. Mwezi ukishakuwa mwekundu wote, uchore, na nyota zinazouzunguka, kila kitu kwa kipimo cha rula. Andika na saa. Anjela anasema usikisie.

Simu najua ya huko haishiki namba za huku, umeshanieleza miaka yote hii. Barua nampa Salvatory wa lori kama kawaida, apitishe kwa madereva wenzake hadi ikufikie. Na Krismasi, utakuja? Nauliza tu, kama ninavyouliza kila mwaka.

Dada yako,
Brigita, Mama Anjela


Cape Town
26 Agosti 2025

Dada Brigita, shikamoo.

Barua yako imenifikia salama baada ya safari ndefu. Mimi ni mzima. Kazi ni ileile ya mizigo. Huku ni baridi. Mlima wa huku bado uko, na bado ni bapa.

Mpe mama shikamoo yangu. Mwambie nakula vizuri. Huyo ndama mmempa jina gani?

Kuhusu mwezi, dada, nina wasiwasi. Huku mawingu ni mengi kipindi hiki, na kazini tunachelewa kutoka. Nimefikiri labda Mwalimu amtafute mtu mwingine. Paroko wenu hana rafiki Ulaya? Padri angefaa zaidi, wao wamezoea kutazama juu. Sitaki mtoto aharibikiwe kwa ajili yangu.

Hayo niliyaandika juzi nikaiacha barua mezani. Leo nimeisoma tena na sikuipenda. Siku niliyoondoka Anjela alikuwa na miaka mitano, akaniuliza barabara inaishia wapi, nikapanda gari bila kumjibu. Mwambie nitachora.

Krismasi tutaona.

Mdogo wako,
Tadeo


Cape Town
8 Septemba 2025

Dada, shikamoo.

Nimechora. Karatasi iko ndani, usiikunje zaidi ya nilivyoikunja.

Saa nimeandika hivi. Kivuli kiliugusa mwezi saa moja na dakika ishirini na saba. Ulifunikwa wote saa mbili na nusu. Ulianza kutoka upande wa pili saa tatu na dakika hamsini na mbili. Ni saa za nyumbani, maana saa yangu ya mkononi sijawahi kuibadilisha tangu nilipoondoka.

Rula niliivaa shingoni kama mlivyosema. Jirani mmoja akanipita akasema, "Huyu leo kavaa rozari ya mbao." Mwingine alipoona wekundu akasema mwezi umechinjwa. Nikamwambia hicho ni kivuli cha dunia yetu, hapo tumo sisi wote. Akatazama muda mrefu, akasema hajioni.

Nilikaa mpaka mwisho. Sikuondoa macho.

Tadeo


Nakwa, Babati
10 Septemba 2025

Mdogo wangu,

Najua barua zetu zitapishana njiani, lakini nikisubiri nitapasuka. Hapa kila mtu ni mzima. Ndama anaitwa Fizikia.

Niliwaalika watu. Anjela alisema watu wanne wanatosha, wa kushika tochi na wa kushika saa. Nikawaalika wachache tu wa jumuiya, wao wakawaambia wengine, wakawa sitini na mbili. Niliwapikia chai na viazi vitamu. Mama Vailet alikuja na kiti chake mwenyewe, akakiweka mbele.

Mtu wa kushika saa nilikuwa mimi. Anjela alisema, "Mama, kazi yako ni moja. Tazama mwezi, tazama saa, andika." Basi nikaandika. Saa moja na dakika ishirini na saba, umeguswa. Saa mbili na nusu, umefunikwa. Watu wakasimama, Tadeo. Mwezi mwekundu kama udongo wa Singe, umetundikwa tu hapo bila kamba. Mama tulimtoa nje akakaa kwenye mkeka. Akauliza, "Mnaona nini?" Nikamweleza. Akasema, "Na Tadeo anauona huu huu?" Nikamwambia, "Huu huu, mama, dakika hii hii." Akainua uso wake juu.

Saa ya tatu, ya mwezi kuanza kutoka, haikupatikana. Wingu lilipita. Lilitokea Mlima Kwaraa, likakaa palepale mbele ya mwezi, na lilipoondoka mwezi ulikuwa umeshatoka kipande. Hakuna wa kulaumiwa, ni wingu.

Anjela alichora vizuri sana. Sasa tunasubiri mchoro wako. Fanya haraka, maana nimeshawaambia watu kwamba mchoro unakuja.

Dada yako,
Brigita


Nakwa, Babati
Jumapili, 28 Septemba 2025

Tadeo,

Mchoro wako umefika Alhamisi, safi, haukuchafuka njiani hata kidogo. Mama hajambo, Baba Anjela hajambo, amekohoa kidogo ameacha. Jirani yako wa Cape Town anaongea Kiswahili kizuri, nimempenda.

Jana Mwalimu Jovin alikuja nyumbani. Nilimchinjia kuku. Akachukua mchoro wa Anjela akaubandika kwenye kioo cha dirisha, jua likipenya. Akaweka wako juu yake, nyota juu ya nyota, ili tuone mwezi umeruka kiasi gani.

Mwezi haukusogea.

Wako ulikaa juu ya wa Anjela kama kifuniko juu ya sufuria yake. Mwalimu akageuza karatasi, akapima na rula, akavua miwani, akaivaa. Hakuna hata nafasi ya kupitisha unywele. Akasema michoro yote miwili ni mizuri sana, hajawahi kuona mtu asiye mwanafunzi akichora kwa makini namna ile. Halafu akasema kuna maelezo mawili tu. La kwanza, mwezi uko mbali mara nyingi kuliko vitabu vyote duniani vinavyosema, ndiyo maana hauruki. La pili, wachoraji walisimama karibu karibu.

Nikamwambia nachagua la kwanza. Vitabu vimeandikwa na watu. Nikamwambia mwanangu amegundua kitu na mkoa ujiandae.

Mwalimu akala kuku wake. Alipomaliza akasema, kwa upole, kwamba kwenye bango la maonyesho lazima iandikwe kila mtazamaji alisimama wapi. Jina na mahali. Bila mahali, kazi haipokelewi. Nikamwambia aandike "mbali." Akasema "mbali" si mahali, Mama Anjela.

Bango hilo litasomwa na Babati nzima. Basi tunasubiri neno lako. Kama kuna jambo la kurekebisha kwenye mchoro, rula ilikuwa imelegea au vipi, tuandikie. Mimi sina swali lolote.

Dada yako,
Brigita

(Kikaratasi kilichokuwa ndani ya bahasha hiyo hiyo)

Shikamoo mjomba. Mama hajui nimeingiza hiki. Naomba uniambie ulisimama wapi. Sihitaji sababu, nahitaji kilomita tu. Pia hakukuwa na wingu. Mama alikuwa anawaeleza watu habari zako akasahau kutazama saa, na mimi nilikuwa na jicho kwenye rula. Kwa hiyo dakika ya mwezi kutoka kivulini unayo wewe peke yako. Wako, Anjela.


Nakwa, Babati
Jumapili, 16 Novemba 2025

Tadeo,

Wiki saba. Nimehesabu. Salvatory nikimuuliza anaangalia magurudumu.

Tu wazima wote. Mvua imeanza, tumepanda Mutuka na Nakwa. Mama anaomba rozari mbili kwa siku badala ya moja na hasemi ya pili ni ya nani.

Nikuambie jambo. Tarehe 7 Septemba hakukuwa na wingu. Anga ilikuwa safi kama sahani. Nilipewa kazi moja na mtoto wangu, na nilikuwa nimesimama mbele ya watu sitini na mbili nikiwaeleza kwamba mdogo wangu yuko upande wa pili wa Afrika, ana ofisi inayotazama mlima, anatazama mwezi kwa darubini. Darubini, Tadeo. Niliitoa wapi hiyo darubini? Nilipogeuka, mwezi ulikuwa umeshatoka. Nikaandika wingu. Anjela aliona nimeandika wingu, na tangu siku ile mtoto ananiita "mama" kwa sauti ya chini kidogo kuliko zamani. Hicho ndicho kilichonifanya niandike.

Bahasha ile niliona imenenepa. Sikukisoma kikaratasi chake. Nilikisoma kidogo.

Sasa kazi yake iko hivi. Ile njia ya macho mawili imekufa. Mwalimu anasema ipo nyingine, ya kivuli, inayotaka nyakati tatu tu za kivuli, na wa tatu unao wewe. Lakini hata hiyo haibandikwi bila kuandika aliyeishika saa alisimama wapi. Mwisho wa kupeleka bango ni Jumatatu ya tarehe 24. Mimi nimekuwa na mambo mawili ya kujivunia katika maisha yangu, na moja limekaa juu ya lingine kama ile michoro. Nikiulizwa nichague, leo namchagua aliye chumba cha pili.

Sikuulizi kwa nini. Nakuomba kilomita.

Brigita


Kibaigwa, Dodoma
18 Novemba 2025

Dada, shikamoo.

Barua yako ya juzi nimeipata leo asubuhi. Huwa zinafika hivyo, siku mbili. Siku zilizobaki nilikuwa nazihesabu mwenyewe kabla ya kukujibu, ili jibu lionekane limetoka mbali.

Kwanza Anjela. Kilomita mia mbili na thelathini hivi, kwa mstari ulionyooka. Nimeweka uzi kwenye ramani iliyo ukutani kwa mwenye duka. Nilisimama Kibaigwa, nyuma ya mizani ya soko la mahindi, mahali pasipo na taa. Zile saa zote tatu nilizoandika ni za kweli. Mwambie katika vitu vyote nilivyoandika kwa miaka kumi na moja, hizo saa na huo mchoro ndivyo vya kuaminika, avitumie bila hofu.

Nashona magunia. Mtu akijaza mahindi yake, mimi nashona mdomo kwa sindano na kamba. Ndiyo kazi ya mizigo.

Hukuuliza kwa nini lakini nitasema. Mwaka ule Salvatory alinipakia tukashuka hapa, nifanye kazi siku chache nipate ya kuendelea nayo mbele. Siku ya tisa akarudi na barua yako. Ulikuwa umehesabu siku kwa vidole ukaona nimeshafika, ukamwambia paroko, paroko akatangaza kanisani, watu wakapiga makofi. Uliandika, "Mama amelia kwa furaha, mlima wa huko ni bapa kweli?" Nikasema basi nifike kwanza, ndipo nijibu. Sikufika. Nikajibu kwamba ni bapa.

Kila barua uliyoleta nilikuwa nimepanda cheo. Sikujipandisha mimi, dada, ulinipandisha wewe, lakini sikukataa. Mtu wa Cape Town angeweza kurudi Nakwa. Mshona magunia wa Kibaigwa alishindwa, ingawa ni mwendo wa saa chache tu kwa basi.

Nilipoona kidole kinaruka nikajua mwezi utanisema. Ningeweza kuuchora pembeni, nilijua inatakiwa upana mmoja, mliniandikia wenyewe. Nilikaa na penseli. Halafu nikakumbuka yule mtoto alisema nisikisie.

Andikeni ninyi mtakavyoona. Mimi mtu yeyote akisoma jina langu na Kibaigwa, sawa. Ila sitaweza kuja kusimama mbele ya watu waliopiga makofi.

Tadeo


Nakwa, Babati
Jumapili, 7 Desemba 2025

Tadeo mdogo wangu,

Wa pili mkoa mzima! Wa kwanza ni kijana wa Mbulu aliyewasha jiko kwa samadi. Sina neno na samadi, lakini hapa umepimwa mwezi, mwezi!

Hujambo? Nimesoma barua yako mara nyingi kuliko matokeo ya fizikia. Nijibu kwa mpangilio.

Hesabu kwanza, maana umechangia. Kutoka kivuli kilipougusa mwezi mpaka ulipofunikwa wote ni dakika sitini na tatu. Hapo mwezi umetembea upana wake mmoja. Kutoka ulipoguswa mpaka ulipoanza kutoka, kwa saa yako, ni dakika mia moja arobaini na tano. Gawanya: kivuli kina upana wa miezi miwili na nukta tatu. Lakini kivuli cha dunia kinachongoka kadiri kinavyokwenda mbali, na kikifika kule kimepungua kama upana wa mwezi mmoja, kwa hiyo unaurudisha. Dunia ni miezi mitatu na nukta tatu. Halafu Anjela akakata kifungo cha gauni langu la Pasaka, cha sentimita moja, akakichomeka kwenye fimbo, akarudi nyuma mpaka kikaufunika mwezi kamili. Mita moja na sentimita kumi. Yaani kitu kikifunika mwezi, kiko mbali mara mia na kumi ya upana wake, na mwezi wenyewe hivyo hivyo. Miezi mia na kumi ikipangwa mstari ni dunia thelathini na tatu na kitu. Ndio umbali wa mwezi: dunia thelathini na tatu, zimepangwa kama vitunguu sokoni. Vitabu vinasema thelathini. Mimi nasema wataalamu waje Kibaigwa wajifunze kuangalia saa.

Na ile njia ya macho mawili haikutupwa. Ipo pembeni ya bango, michoro yote miwili, na Anjela ameandika: "Kwa kilomita 230 mwezi hauruki kiasi cha kuonekana kwa rula. Watazamaji wote wawili walichora walichokiona." Msimamizi mmoja alisimama hapo muda mrefu kuliko kwenye jiko la samadi.

Sasa lile la makofi. Nilijua bango likibandikwa watu watasoma, nikaona wasisome kabla hawajasikia. Jumamosi ya tarehe 22 jumuiya ilikuwa kwangu. Baada ya sala nikasimama. Nikashika meza. Nikasema, "Tadeo hayuko Cape Town. Hajawahi kufika. Yuko Kibaigwa, anashona magunia." Mama Vailet akaweka kikombe chini. Akasema, "Kwa hiyo ile Cape Town ilikuwa wapi, Mama Anjela?" Nikasema, "Ilikuwa mdomoni mwangu." Walicheka, Tadeo, sikufichi. Mama Vailet alicheka mpaka akapigwa mgongoni. Nilisimama mpaka wakamaliza.

Walipomaliza nikawaambia hivi. Usiku ule mimi nilikuwa na chai, na viti, na watu sitini na mbili wa kunisaidia, na nilipoteza dakika ya mtoto wangu, halafu nikasingizia wingu. Yeye alisimama nyuma ya mizani peke yake, akijua akichora kweli ataumbuka, akachora kweli. Nikawauliza nani humu ndani ana mdogo wake wa namna hiyo anyooshe mkono. Hakuna aliyenyoosha. Ludovick, yule katekista mzee, akasema, "Huyo mtu tungependa kumwona." Si mimi niliyesema, ni yeye, na wengine wakaitikia. Hata Mama Vailet aliitikia, kwa sauti ndogo, lakini nilisikia.

Anjela siku ile aliniita "mama" vizuri.

Mama nilimwambia kabla ya wote, asubuhi yake. Nilikaa mkekani nikamshika mkono, nikaanza mbali, nikazunguka. Akanikatiza, kumbe masikio yake yalishatusikia mimi na Anjela. "Kibaigwa?" Nikasema ndiyo, mama. Akasema, "Basi la huko linaondoka saa ngapi?" Nimemzuia mara tatu. Amefunga vitu vyake kwenye kitenge na fundo liko karibu na mlango. Anasema kama wewe huji, yeye haoni lakini mdomo wa kuulizia njia anao.

Sitakupandisha cheo tena, nimeapa mbele ya Baba Anjela, naye akasema, "Sawa." Nitakaribisha watu nikiwaambia ni mdogo wangu, mshona magunia, basi. Labda nitaongeza kwamba ni mshonaji bora kuliko wote pale sokoni, maana hilo lazima litakuwa kweli.

Salvatory nimemsamehe. Kiti cha mbele kwenye lori nimekuwekea, ataondoka huko Ijumaa jioni. Kama lori hulitaki, Anjela atakuwa amesimama stendi tangu saa tatu asubuhi, na yule mtoto akisimama mahali kutazama kitu haondoki, unamjua sasa. Padri anakuja saa nne kwa misa ya uwanjani. Paskali, binamu yetu wa Singe, anakuja na familia yake yote, wanajumuiya wote wanakuja, Mwalimu Jovin anakuja, Mama Vailet ameshaniambia anakuja na kiti chake. Wote wanakuja kukuona wewe, Jumamosi, tarehe 27 Desemba.

Dada yako,
Brigita